Jino la Pembeni la Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu na wewe haina maana tena. Mashine zako za kusagia zimekula masikio, na mimi sina nguvu ya kupiga kelele dukani, wateja wote wakijua mambo yangu. Basi tutumie macho, angalau hayo bado unayo.

Habari ni hii. Chuo cha ufundi hapa mjini kinatafuta mwalimu wa kushona. Mkuu wa idara alikuja kuchukua sare za binti yake, akaligeuza gauni ndani nje, akakagua mishono kama askari wa forodha, kisha akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, kwenye kiti hiki hiki. Akasema nilete maombi. Nimepeleka. Wamenipangia somo la majaribio tarehe 28 Machi, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi kumi na wanne na wakaguzi watatu. Nifundishe kola ya shati kwa dakika arobaini.

Kola naishona nimefumba macho. Tatizo ni mdomo. Meno yangu mawili ya mbele unayajua. Miaka ishirini na sita ya kukata uzi kwa meno na kubana pini imeyachimba pengo katikati, punje ya mchele inaingia bila kugusa ukuta. Rangi yake ni ya chai ya rangi. Nikizungumza na mtu nisiyemzoea, mkono wa kushoto unapanda wenyewe kuufunika mdomo. Siutumi, unapanda. Sasa niambie wewe, mwalimu atafundishaje kola kwa mkono mmoja, mwingine umeajiriwa mdomoni?

Nimekwenda kwa daktari wa meno wa hapa, yule aliyefungua juu ya benki. Amenipa njia tatu. Kung'arisha. Kujaza ncha za meno mawili kwa resini. Au vigamba sita vya kauri, vinavyobandikwa mbele ya meno. Akanionyesha picha kwenye kompyuta: mimi, lakini mwenye meno ya mtangazaji wa televisheni. Nikaitazama mpaka daktari akakohoa.

Toka shemeji yako atutoke, na huu ni mwaka wa pili, sina mtu wa kumuuliza jambo kama hili. Watoto watacheka. Wewe ndiye fundi wa meno katika ukoo huu. Usinijibu kama mdogo wangu. Nijibu kama fundi.

Dada yako

*

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua nimeikuta ndani ya mfuko wa mashati, kama ulivyopanga. Mashati mazuri, ila umeshona tumbo la mwaka juzi.

Umetaka jibu la fundi. Haya.

Kung'arisha hakutakusaidia. Dawa inatoa rangi, haijazi pengo. Utabaki na pengo jeupe.

Resini ni kiraka kilichotiwa vizuri. Daktari anaiongeza kwenye ncha ikiwa laini, anaiumba, anaigandisha kwa taa. Jino lenyewe haliguswi, au linaguswa kidogo sana. Inadumu miaka mitano, pengine saba. Ikivunjika, inarekebishwa kwa saa moja.

Vigamba vya kauri ni vyembamba kama kucha, na hakuna kinachopendeza kuvizidi. Ndivyo vinavyonilisha, maana madaktari wanatuletea kazi, sisi wa karakana ndio tunaovitengeneza. Lakini ili vikae sawasawa, madaktari wengi husaga kwanza uso wa jino. Meno yako manne kati ya hayo sita hayana kosa lolote. Yakishasagwa hayarudi. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, hilo sikufundishi wewe.

Chagua resini, meno mawili tu.

Na kusema kweli, dada, una miaka arobaini na tisa. Nani chuoni atakuja kukagua meno? Wanataka kola. Tena ukiwekewa kauri utakata uzi kwa nini, kwa kucha? Mkumbuke mama. Seti yake ya kwanza ya meno ya bandia niliinyoosha kama rula, nikajiona bingwa. Akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani? Mrudishieni meno yake." Mpaka nilipochukua picha yake ya ujanani na kuligeuza lile jino la pembeni, la kulia, kidogo tu nje kama lilivyokuwa lake, ndipo akakubali kula. Uso haupendi wageni.

Mdogo wako

*

15 Februari

Ndugu fundi,

Asante kwa ushauri. Nimefikiri, nimeona kweli umri wangu hauruhusu upuuzi. Nimeacha. Siku ya somo nitafunga mdomo na kufundisha kwa ishara.

Nitumie kipimo cha tumbo, na kiwe cha kweli. Habari za meno usiniandikie tena.

Dada yako

*

24 Februari

Daktari,

Nimepokea kwa mzigo wa basi nakala za plasta za meno ya juu na ya chini, pamoja na karatasi ya kazi namba 214. Karatasi inasema: mwanamke, miaka 49, vigamba sita vya kauri, meno ya mbele ya juu, rangi nyeupe ya kwanza kwenye kipimo, meno yote yanyooke. Kusaga meno tarehe 6 Machi. Jina halikuandikwa, kama ilivyo kawaida yetu.

Nina mambo mawili.

La kwanza ni la kazi. Tafadhali tazama nakala yako ya plasta, magego ya pande zote mbili. Vilele vimelala, vimekuwa bapa kama sarafu. Chonge ya kulia imepoteza ncha, na ukiyafumbatisha meno kwa kuyasogeza upande, ncha hiyo inaingia kwenye kishimo kilicholika cha jino la chini kama ufunguo kwenye kufuli. Uzi haufiki huko nyuma. Huyu anasaga meno usingizini, na si kwa mwezi mmoja. Ukimwekea kauri mbele, naipa mwaka kabla kigamba cha kwanza hakijapasuka, na chini yake patakuwa na jino ulilokwisha kulisaga.

La pili, nisipokuambia nitakuwa nimekudanganya. Mdomo huu naujua. Ni wa dada yangu. Nilipofungua boksi sikuhitaji jina. Kwenye jino la mbele la kushoto kuna mmeguko mdogo upande wa ndani, hautokani na uzi. Ulitokana na chupa za soda alizokuwa akinifungulia kwa meno nikiwa na miaka saba, kwa sababu kifungulio kilikuwa juu ya kabati na mimi nilikuwa nalia. Kwangu ameandika kwamba ameacha. Hajui kwamba kazi zako zinakuja kwenye karakana hii.

Ukitaka, kazi hii nitampa fundi mwenzangu wa meza ya pili na sitaigusa. Ukiniachia mimi, naomba kitu kimoja: kabla hujasaga, nikutengenezee meno ya majaribio ya resini, ya kubandika juu ya meno yake yalivyo. Akae nayo wiki mbili. Tuone yanavyokaa na yanavyochakaa.

Fundi, meza ya kwanza

*

27 Februari

Fundi,

Kwanza la pili. Umefanya vizuri kusema, na sasa umeshasema, basi. Mgonjwa ni wangu, siri ni yake. Hutamwandikia kuhusu kazi hii, hutamdokeza, hutampigia. Ukimdokeza nitabadilisha karakana, na wewe unajua napenda kazi yako.

La kwanza, uko sahihi. Magego niliyaona, nikamuuliza kama anasaga meno. Alikataa kwa uhakika mkubwa na akanipa sababu yake. Siwezi kukuandikia zaidi. Nilimwamini kwa haraka kuliko nilivyopaswa, kwa sababu ana tarehe na anaihofia.

Nakubali majaribio. Nimesogeza kusaga hadi tarehe 20 Machi. Tengeneza wewe, unajua mdomo. Fuata karatasi: nyeupe ya kwanza, meno yanyooke.

Daktari

*

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Kipimo cha tumbo ni sentimita mia moja na nne. Usicheke.

Za kazi? Unalala vipi siku hizi? Ukiamka taya linakuwa limechoka? Kichwa hapa kando ya macho, kinauma asubuhi? Nauliza tu.

Mdogo wako

*

8 Machi

Mdogo wangu,

Nalala kitandani. Swali gani hilo? Umri wa kuulizwa nalala vipi bado sijafika, na nikifika utaona barua imeandikwa na mtu mwingine.

Taya lina nini? Nimeshakuambia habari za meno sitaki.

Mambo mengine ni mazuri. Jana mteja mmoja, yule mgumu wa mapazia, alikaa dukani nusu saa baada ya kulipa. Tulikuwa tunacheka tu, sikumbuki kwa nini. Fundi viatu wa mlango wa pili akachungulia akauliza, "Mama, leo kuna nini, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia afunge mdomo wake, mimi nimeshajifunza kuufungua wangu.

Mia moja na nne! Mashati nitayaongezea vipande vya pembeni. Kitambaa cha rangi ile kimekwisha, kwa hiyo utakuwa na milia. Jilaumu.

Dada yako

*

16 Machi

Wewe,

Kaa kwenye kiti ndipo usome.

Nilikudanganya. Sikuacha. Siku nilipopata barua yako nilirudi kwa daktari nikamwambia nataka vyote sita. "Nani chuoni atakuja kukagua meno?" Niliisoma sentensi hiyo nimesimama, pasi ikaunguza suruali ya mtu. Unajua nilivyofika kwenye umri huu? Picha zote za harusi yangu nimefunga mdomo. Picha ya mahafali ya mwanangu, mkono uko juu. Kwenye mazishi ya mume wangu watu walinisifu kwamba nilijikaza, sikulia kwa sauti. Sikujikaza. Kulia kunafungua mdomo. Halafu mdogo wangu, anayekula kwa kutengeneza tabasamu za watu, ananiambia umri wangu.

Ndiyo maana nilikuficha. Sasa sehemu ya pili.

Tarehe 7 daktari alinibandikia meno ya majaribio, nikae nayo kabla ya kusaga. Nilikuwa mtu mwingine wiki nzima. Nilikuandikia, hukuelewa, au nilidhani hukuelewa. Jana saa tano asubuhi nilikuwa natia vifungo kwenye koti. Mkasi ulikuwa pale pale, umening'inia shingoni kwa utepe. Nikamaliza kifungo cha tatu, nikainama, nikakata uzi kwa meno. Sikufikiri. Ulisikika mlio kama wa kuvunja njugu, na kipande cha jino la mbele kikaangukia kwenye kopo la vifungo.

Nilikaa nikipekua vifungo vyeupe mia mbili nikitafuta jino. Jirani yangu wa viatu aliuliza natafuta nini, nikamwambia kifungo cha shimo moja.

Nilipolipata nikaenda kwenye kioo kirefu cha wateja, chini ya taa, nione nimeharibu kiasi gani. Nikafungua mdomo wote. Tangu nibandikiwe nilikuwa najitazama kwa mbele tu, kama mtu wa picha ya pasipoti. Jana niligeuka upande kutafuta mwanga. Na mama akanitazama.

Si kufanana. Mimi nimefanana na baba, kila mtu anasema hivyo tangu nizaliwe. Ilikuwa ni mama, kona ya kulia ya mdomo, jino la pembeni limetoka nje kidogo, kama mtu aliyesogea kwenye foleni ili aone mbele. Langu halijawahi kukaa hivyo. Langu ni fupi na limenyooka. Duniani kuna mikono miwili tu inayojua jino lile linageuka kiasi gani, na yote miwili ni yako.

Kwa hiyo ulijua. Uliniuliza nalala vipi ukijua. Umeshika mdomo wangu mezani kwako, umeutazama kwa miwani, ukaniandikia kuhusu tumbo.

Nijibu bila kuzunguka. Ulijua tangu lini, na maswali ya taya yalikuwa ya nini?

Dada yako

*

19 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani. Bila kuzunguka.

Nilijua tarehe 24 Februari. Plasta yako ilikuja na namba, bila jina. Nilimwambia daktari siku hiyo hiyo. Daktari alinikataza nisikudokeze, na hakuniambia neno ulilomwambia, kwa hiyo yeye usimkasirikie. Maswali ya taya yalikuwa ni kudokeza. Nilivunja ahadi nusu.

Jino la pembeni sikulijua mpaka niliposoma barua yako. Karatasi ilisema yanyooke, na nilidhani nimeyanyoosha. Kila kazi naipiga picha kabla haijatoka. Jana nilitoa picha ya 214 nikaiweka chini ya taa. Limegeuka. Nimepima: zaidi kidogo ya nusu milimita. Miaka kumi na tisa mezani, sijawahi kutoa kazi isiyofuata karatasi. Nilikuwa nimeshika meno yako, mkono ukatengeneza ya mama. Sina maelezo mengine.

Kuhusu "nani atakuja kukagua meno", niliandika upuuzi. Mtu anayeshinda akiumba meno husahau kwamba yanakwenda mdomoni mwa mtu. Ulitaka kufungua mdomo mbele ya watu, nikakusomea umri.

Sasa taya. Dada, unasaga meno usingizini. Plasta inaonyesha magego yamekuwa bapa pande zote mbili na chonge imekatika ncha. Huo si uzi. Hutokea watu wanapobeba jambo mchana na kulitafuna usiku. Ulipomwambia daktari husagi, najua hukumdanganya. Anayesaga hajisikii. Anayesikia ni aliyelala karibu. Kwa hiyo naomba ujiulize: shemeji hakuwahi kukuambia?

Kama unasaga, kauri itapasuka, na meno yako mengine manne yatakuwa yamesagwa bure. Hilo tu. Nikishasema hilo, mdomo ni wako. Ukichagua sita, nitakutengenezea sita, na yatakuwa bora kuliko yote niliyowahi kutoa.

Mdogo wako

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma juzi nikaiweka. Leo naijibu.

Nilimwambia daktari sisagi kwa sababu hiyo hiyo unayoiuliza. Miaka ishirini na miwili nimelala na mtu mmoja, na mtu yule alikuwa akilalamika hata shuka likikunjika. Ningekuwa nasaga meno angeniambia asubuhi ya kwanza. Hakuwahi kusema. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Lakini wewe umeuliza kama aliniambia, na mimi nikaanza kutafuta alichofanya.

Alikuwa ananigusa bega.

Kila usiku, mdogo wangu. Naamka nusu, naona kiganja chake kiko hapa, begani, kimetulia. Simwulizi, nalala tena. Asubuhi nikimwuliza, "Jana ulikuwa unanigusagusa nini?" anasema, "Ulikuwa unagombana na wateja." Tunacheka. Nilidhani anahakikisha nipo. Ilikuwa hadithi yetu, hata watoto wanaijua. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anasikia nini.

Kwa hiyo nimesaga miaka yote hiyo, kidogo kidogo, na mtu ananizuia bila kunitia aibu. Na sasa ni miaka miwili hakuna wa kunizuia. Asubuhi kichwa kinauma hapa kando ya macho, kama ulivyoandika. Nilikuwa nalaumu taa ya cherehani.

Nilikaa na hilo. Kisha nikafungua duka, kwa sababu mashati ya kwaya yalikuwa hayajaisha.

Tarehe 20 sikwenda kusagwa meno. Nilimpigia daktari, nikamwambia sababu. Akasema, "Mama, umeniokoa na kosa." Tumepatana hivi: atanitolea haya ya majaribio, yamebaki matano na nusu, nimechoka nayo. Atanijaza resini meno mawili ya mbele, bila kuyasaga, na atayaosha kidogo rangi ya chai, si mpaka yawe ya televisheni. Nafasi ya karibu ni tarehe 2 Aprili.

Umeona tarehe. Baada ya somo. Nitakwenda na pengo langu.

Jino la pembeni usiliongeze tena. Lilinishtua, lakini mama ni wa mama. Ila picha uliyopiga nitumie.

Dada yako

*

29 Machi

Mdogo wangu,

Imekwisha. Nakuandikia kwa mfuatano, usiruke.

Saa nne kasoro tano nilikuwa mbele. Meza ndefu, wanafunzi kumi na wanne, wakaguzi watatu nyuma na kalamu zao. Mkuu wa idara akanikaribisha. Nikafungua mdomo kusema habari za asubuhi, na mkono wa kushoto ukapanda. Nilizungumza dakika nzima hivyo. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ana kalamu sikioni, akasema, "Mwalimu, hatukusikii."

Nikaanza kola. Unajua kola: upande wa juu na wa chini, na katikati kile kitambaa kigumu, na ncha lazima zigeuke kali bila kutoboka. Haiwezekani kwa mkono mmoja. Hilo nililijua tangu Februari, nimekuandikia. Mkono ukashuka kwa sababu ulikuwa na kazi. Baada ya hapo sikuufikiria.

Nilifika kwenye ncha. Nikapitisha uzi, nikafunga fundo, nikainamisha kichwa. Wote wakaona. Nikasimama hapo hapo, uzi uko mdomoni, mkasi umening'inia shingoni, wakaguzi wanaandika.

Nikautoa uzi. Nikawaambia, "Someni hapa." Nikafungua mdomo, nikawaonyesha pengo. Nikasema, "Hili si la kuzaliwa nalo. Hili ni kazi ya nyuzi. Kila mmoja wenu ana mkasi. Atakayekata uzi kwa meno darasani kwangu ataenda kusimama nje, na kesho aje na mikasi ya darasa zima." Yule wa kalamu sikioni akauliza, "Mwalimu, inauma?" Nikamwambia, "Inauma ukicheka mbele ya wageni." Wakacheka. Nikacheka pia, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika kola.

Ncha zilitoka kali. Mkaguzi mmoja alikuja kuzigusa kwa kidole gumba.

Sasa usije ukadhani nimelipenda pengo. Tarehe 2 naenda kulijaza, nimeshalipia. Nataka kucheka mbele ya wageni bila kuumia, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Lakini chapa ya meno ya leo nitaitunza. Nimemwomba daktari asiitupe ile plasta namba 214, nitaipeleka chuoni iwe kifaa cha kufundishia.

Ndiyo, chuoni. Wamepiga simu leo saa nane. Darasa la asubuhi, kuanzia mwezi wa tano, siku nne kwa wiki.

Daktari amesema nivae kinga ya usiku, ya kukaa kwenye meno nikilala, na kwamba itatoka karakana. Sikumuuliza karakana gani.

Dada yako

*

10 Aprili

Karatasi ya kazi namba 239. Kinga ya usiku, taya la juu, moja. Plastiki ngumu, unene milimita mbili. Imejaribiwa kwenye plasta mpya, imekaa.

Dada,

Shikamoo, na hongera, Mwalimu. Hii inakwenda kwa daktari kama kazi zote, lakini kipande hiki cha karatasi nimekiweka chini ya pamba, na nimemwambia kwamba nimekiweka.

Plasta yako mpya nimeiona. Daktari ameyajaza vizuri. Nimetafuta mahali pa kukosoa, sijapata, nikakasirika kidogo.

Vaa kila usiku. Ioshe kwa maji baridi, ya moto yataipinda. Wiki ya kwanza utaiona kama jiwe mdomoni, usiitoe. Baada ya miezi kadhaa itakuwa na mikwaruzo ya magego yako. Usiogope, ndiyo kazi yake, ichakae yenyewe badala yako. Ikitoboka nitakufanyia nyingine.

Haitakugusa bega. Nimeifikiria sana hiyo, mezani hapa, hakuna namna.

Ila asubuhi ukiamka, nipigie simu. Sitasikia unachosema, lakini nitajua umeamka.

Mdogo wako